Kutoka Aya Mbili Hadi Riwaya: Mfungo wa Jangwani katika Quarantine ya Jim Crace

Mwalimu mwenzangu, swali hili limeulizwa katika madarasa mengi ya fasihi, na kama bado halijaulizwa kwako, litaulizwa: je, mwandishi asiyeamini ana ruhusa ya kuichukua habari takatifu na kuigeuza riwaya? Darasa la Kenya huweza kuwa na Mkristo na Mwislamu kwenye dawati moja, na si ajabu mwalimu mwenyewe akawa mzee wa kanisa au msomeshaji wa madrasa mwisho wa juma. Jibu ambalo wengi wetu hulikimbilia ni kwamba "hiyo ni fasihi tu". Jibu hilo lina kasoro. Neno "tu" linaidunisha fasihi na linaidunisha dini vilevile, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani kwamba uhakiki ni mbinu ya kuyakwepa mambo mazito.

Makala haya yanapendekeza njia ya historia. Tutakifuata kisa kimoja, kile cha mfungo wa siku arobaini jangwani, tangu kilipokuwa aya mbili hadi kilipofika mikononi mwa Mwingereza Jim Crace, aliyekifanya riwaya yake Quarantine mwaka wa 1997. Dai letu ni kwamba kisa hiki hakijawahi kuwa na msimulizi mmoja. Crace, ambaye hakuficha kwamba hana dini, aliingia katika msafara wa wasimulizi uliokuwa umeanza zamani sana, na alichokiona vizuri kuliko waliomtangulia ni wale watu wanaobaki nyuma na kusimulia.

Tuanze na jina la riwaya, kwa sababu sisi wa Kiswahili tuna la kusema hapo. Mwaka wa 2020 neno "karantini" lilienea katika vinywa vya Wakenya wote, kuanzia waziri hadi muuza mboga. Wachache walijua kwamba ndani yake mna hesabu ya siku. Mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, ambao siku hizi huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wageni waliotoka katika sehemu zenye tauni wakae kando kwa siku 30. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na watu wa Venice wakaupa ulimwengu neno lililotokana na "arobaini" katika lugha yao. Katika Kiingereza cha kale neno hilohilo lilitumiwa pia kutaja jangwa lenyewe ambamo Yesu alifunga. Nalo neno "Kwaresima", ambalo Wakatoliki wetu hulitumia kila mwaka, lina asili ya Kilatini yenye maana ya "ya arobaini". Kwa hiyo karantini na Kwaresima ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alikwenda hospitalini, mwingine akabaki kanisani. Crace aliliteua jina linalobeba yote mawili, ugonjwa na ibada, na riwaya yake inaanza na mgonjwa.

Hesabu ya arobaini si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mzazi hukaa arobaini, maiti hufanyiwa arobaini, na siku za mwizi, kama tujuavyo, ni arobaini. Ni muda ambao mwisho wake jambo lililofichika hudhihirika. Mwanafunzi akielewa hivyo, atakuwa ameshaielewa nusu ya muundo wa riwaya hii kabla hata ya kuifungua.

Sasa chanzo chenyewe. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi wa Biblia huiona kuwa ya kwanza kuandikwa, inakimaliza kisa hiki kwa aya mbili (1:12–13). Mle mna Roho, jangwa, siku arobaini, Shetani, wanyama wa mwituni na malaika. Tazama jambo moja ambalo mahubiri mengi hulipita: Marko hataji kufunga. Mfungo unaletwa na Mathayo na Luka, ambao pia wanaleta majaribu matatu na mazungumzo kati ya Yesu na Ibilisi. Hata hawa wawili hawakubaliani juu ya mpangilio. Mathayo anamalizia kwa mlima mrefu na milki za ulimwengu; Luka anamalizia kwa kinara cha hekalu, kule Yerusalemu. Yohana hakitaji kisa hiki hata kidogo. Mhakiki wa fasihi hawezi kuyapita mambo hayo bila kusimama. Mpangilio wa matukio unapobadilishwa, upeo hubadilika, na upeo ukibadilika, maana huhama. Kwa Luka, jaribu kubwa kuliko yote liko katika mji ule ambao Injili yake yote inaelekea. Kwa Mathayo liko mlimani, na ni mlimani vilevile anakomalizia Injili yake. Hivyo basi, kazi ya kukirekebisha kisa hiki ili kilingane na lengo la msimulizi haikuanza na Waingereza wasioamini. Ilianza ndani ya Agano Jipya.

Ukirudi nyuma zaidi, utakuta wengine wamefunga kabla. Eliya alitembea siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu kwa nguvu za chakula alichopewa na malaika (1 Wafalme 19). Musa alikaa mlimani Sinai muda uleule bila kula mkate wala kunywa maji (Kutoka 34:28). Qurani nayo inautaja muda wa Musa: masiku thelathini yaliyotimizwa kwa mengine kumi (7:142). Liweke jina la Musa akilini, tutalihitaji.

Baada ya Injili, kisa kilitoka kitabuni kikawa mwenendo wa maisha. Katika karne ya 3 na ya 4, wanaume na wanawake walianza kuiacha miji ya Misri na Palestina ili wakaishi jangwani kwa kufunga na kuomba. Anayejulikana zaidi ni Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka wa 356, na anajulikana kwa sababu alipata msimulizi mzuri: Askofu Athanasi wa Aleksandria aliandika habari za maisha yake muda mfupi baada ya kifo hicho, na kitabu kikasomwa kote katika ulimwengu wa Wakristo. Upande wa Palestina, wakaapweke walikaa katika mapango ya mlima ulio juu ya mji wa Jericho, ambao mapokeo yanauona kuwa ndio mlima wa mfungo. Waarabu huuita Jabal Quruntul. Lisikilize jina hilo, ni arobaini ileile imevaa kanzu. Mlima ni mkavu, mapango yake ni kama matundu ya njiwa ukutani, na monasteri iliyojengwa upya mwishoni mwa karne ya 19 imeng'ang'ania mwambani hadi leo. Ninakaa kidogo hapa kwa sababu mandhari hii ndiyo aliyoichukua Crace: mapango, genge, vumbi, na uwanda wa bondeni unaoelekea Bahari ya Chumvi. Mandhari katika riwaya yake hufanya kazi ya mhusika, tena mhusika asiye na huruma.

Washairi na waandishi wa riwaya walifuata. John Milton aliutungia mfungo huu utenzi mzima, Paradise Regained, mwaka wa 1671. Mrusi Dostoyevsky, katika riwaya iliyokamilika mwaka wa 1880, alimpa mhusika mmoja hadithi ya kasisi mkuu wa mahakama ya dini anayemlaumu Yesu kwa kuyakataa yale majaribu matatu. Mgiriki Nikos Kazantzakis alikirudia kisa hicho katika riwaya kuhusu jaribu la mwisho la Yesu, iliyotoka mwaka wa 1955 na kuleta ghadhabu kubwa. Hao wote, pamoja na tofauti zao, wanamweka Yesu katikati ya jukwaa. Ibilisi anasema, Yesu anajibu.

Crace alifanya nini tofauti? Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1946, akafanya kazi Sudan na Botswana akiwa kijana, na akawa mwanahabari kabla ya kuishi kwa riwaya. Katika mahojiano alieleza kwamba alikusudia kukipima kisa cha mfungo kwa sayansi na kukiangusha. Quarantine ilipata tuzo ya Whitbread ya riwaya mwaka wa 1997 na ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, ingawa Booker yenyewe ilimwendea Arundhati Roy.

Ukiifungua riwaya, humkuti Yesu. Unamkuta mfanyabiashara mnene anayekufa kwa homa ndani ya hema, na mkewe mjamzito, Miri, anayemchimbia kaburi katika ardhi ngumu huku akitumaini kwa siri kwamba kaburi hilo litatumika. Msafara umewaacha. Kijana kutoka Galilaya anapita akielekea mapangoni, anaingia hemani kutafuta maji, anaulowesha uso wa mgonjwa na kumtakia afya kama mtu yeyote mwenye adabu angemtakia, kisha anakwenda zake. Mgonjwa anapona. Miri anaporudi, mume ameketi. Kinaya hapa ni kikali: muujiza wa kwanza wa Yesu unamrudishia uhai dhalimu, na anayeulipia ni mwanamke. Nalo lile kaburi linajaa maji na kuwa kisima, na wakazi wa mapangoni wanakunywa humo. Mtahiniwa anayetafuta mfano wa jazanda hana haja ya kwenda mbali.

Mfanyabiashara huyo anaitwa Musa. Msomaji wa Kiingereza, aliyezoea "Moses" katika Biblia yake, aweza kulipita jina hilo bila kushtuka. Sisi hatuwezi. Biblia yetu na tafsiri zetu za Qurani zinalitaja jina hilohilo kwa yule aliyekaa Sinai siku arobaini bila mkate wala maji. Sidai kwamba najua alichokusudia mwandishi. Ninachosema ni kwamba katika matini mna mtu aitwaye Musa ambaye hafungi kitu, anakula kwa wawili, anajifanya mwenye ardhi na kuwatoza wafungaji kodi ya mapango na bei ya maji. Aliyeleta sheria ya Mungu amegeuzwa mtunga sheria za soko. Hapa ni mahali ambapo Kiswahili chetu kinatusaidia kuisoma riwaya ya kigeni vizuri zaidi.

Wafungaji wengine ni wanne. Aphas ni mzee mwenye uvimbe mwilini anayetafuta kupona. Shim ni mgeni mwenye majivuno ya kiroho. Wa tatu ni Mbedui ambaye wote wanamdhania mwendawazimu. Wa nne, Marta, hajapata mtoto na mumewe anakaribia kumtaliki. Hawa wanafunga kama wengi wetu tunavyofunga: mchana wanajizuia, jua likitua wanakula. Msomaji Mwislamu ataitambua desturi hiyo mara moja. Yesu peke yake anachagua pango baya kuliko yote, lililo ukutani mwa genge, na anakataa kila kitu, mchana na usiku, maji pamoja na chakula.

Na Ibilisi je? Hayupo, au tuseme hana pembe. Musa anaamini kwamba kijana yule ni mponyaji, na mponyaji ni bidhaa. Anawaongoza wenziwe mpaka ukingo wa genge, wanamteremshia vyakula na maji, wanambembeleza atoke. Yesu, ambaye njaa imeshaanza kumpotosha fahamu, anaisikia sauti ile juu yake na kuamini kwamba ni ya mwovu. Je, amekosea? Matukio ya baadaye, hasa unyama ambao Musa anamtendea Marta, yanamfanya msomaji aone kwamba kijana yule alikuwa sahihi zaidi ya alivyojua. Crace amemwondoa Ibilisi wa kimiujiza, akaweka mahali pake mtu mwenye mizani, hema na ulimi mtamu. Kwa maoni yangu, uovu haukupungua kwa mabadiliko hayo, uliongezeka.

Yesu anakufa kabla ya siku ya arobaini kufika. Hapa ndipo waumini wengi huifunga riwaya, na siwalaumu. Lakini mhakiki na aendelee, maana pana jambo la ajabu. Riwaya inajidai kuwa ya uhalisia, yaani mwili wa binadamu una mipaka yake. Tuipime kwa kipimo chake yenyewe. Mwaka wa 1981 wafungwa 10 wa Ireland ya Kaskazini walikufa kwa kugoma kula. Walidumu kati ya siku 46 na 73, lakini walikuwa wakinywa maji. Bila maji, mwanadamu katika nchi ya joto huhesabu siku chache, hahesabu majuma. Kijana wa Crace anadumu karibu siku thelathini bila tone. Ukiipima hivyo, sayansi aliyokuja nayo mwandishi haikulingana na riwaya aliyoiandika. Alitaka kuuondoa muujiza wa siku arobaini, akatuachia wa siku thelathini. Sioni kama hiyo ni kasoro ya kumwondolea alama. Matini mara nyingi hujua mambo ambayo mwandishi wake hakuyakubali, na hii ndiyo sababu tunawaonya watahiniwa wasimchanganye mwandishi na msimulizi, wala msimulizi na kazi yenyewe.

Tena kuna mwisho. Baada ya kifo, Musa anashika njia kwenda Jericho, na huko nyuma anaona, au anadhani anaona, mtu mwembamba akishuka mlimani. Msimulizi, aliyekuwa maizi muda wote akituingiza katika nia ya kila mhusika, hapo anakataa kututhibitishia. Musa hahitaji uthibitisho. Hana tena shehena, hana ngamia, lakini ana kisa, na tayari anapiga hesabu ya jinsi atakavyokiuza sokoni. Kwa hiyo mtu mbaya kuliko wote ndiye anayekuwa mhubiri wa kwanza. Msomaji asiyeamini atasema: kumbe dini ilianza kwa mchuuzi mwongo. Msomaji anayeamini atajibu: mchuuzi ni mwongo, lakini aliponywa kweli, na hata kinywa kichafu hupitisha habari njema. Riwaya haiamui kati yao. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi nikitafuta neno moja linaloelemea upande mmoja.

Ulinganishe mwisho huo na mapokeo yetu. Watunzi wa pwani walizirudia habari za dini kwa karne nyingi: tuna Utendi wa Ayubu, tuna Utendi wa Yusufu, na hata Utendi wa Tambuka, wa mwaka wa 1728, unasimulia vita vya zama za Mtume kwa kuongeza mengi ambayo historia haiyajui. Mtunzi wa utenzi aliongeza mazungumzo, vilio na mapambo ya nyumba bila kuomba radhi, kwa kuwa alikuwa ndani ya imani na hadhira yake ilimwamini. Alianza kwa jina la Mungu na kumalizia kwa dua. Crace anafanya kazi ileile ya kuongeza nyama kwenye mifupa, ila yeye yuko nje ya mlango. Karibu naye zaidi ni Euphrase Kezilahabi, ambaye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliichukua lugha ya visasili na dini na kuitumia kuuliza maswali ambayo hayajibiwi. Mwalimu anayefundisha mabadiliko ya riwaya ya Kiswahili anaweza kuziweka kazi hizo tatu pamoja, ya Crace ikiwa ya kulinganishia tu.

Mtahiniwa, riwaya hii haimo katika orodha yako, na hutaulizwa habari za Miri wala Marta. Lakini utaulizwa kuhusu usawiri wa wahusika, kuhusu kinaya, kuhusu mchango wa mandhari, na utakutana na matini zinazotumia Biblia au Qurani kama msingi. Ukikutana nazo, usianze kwa kusema kwamba mwandishi "amekufuru" wala kwamba "ameonyesha ukweli". Hukumu hizo mbili zinatoka nje ya matini. Onyesha kwanza chanzo kilisema nini, hata kama ni kwa aya mbili. Kisha taja kilichoongezwa, kilichoachwa na kilichohamishwa, na nani amepewa nafasi ya kuzungumza ambaye hapo awali alikuwa kimya. Katika Quarantine waliopewa nafasi hiyo ni wanawake wawili. Miri anafuma mkeka wa kujifungulia wakati wanaume wakibishana juu ya utakatifu, na mwishowe anatoroka pamoja na Marta, wakiwa na njia yao wenyewe. Injili nne hazina mwanamke yeyote katika kisa cha jangwani. Hapo, nadhani, ndipo Crace alipoongeza kitu ambacho hata msomaji mcha Mungu anaweza kukipokea bila kubadili itikadi yake.

Ukitaka kulijaribu jambo hili darasani, waombe wanafunzi wasome Marko 1:12–13 kwa sauti, kisha Mathayo 4:1–11, na uwape dakika ishirini waandike ukurasa mmoja wa kisa hichohicho kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi awe mchungaji wa mbuzi aliyekuwa chini ya mlima na kuona moshi wala asione mtu. Wanafunzi Waislamu waandike, wakipenda, kuhusu masiku ya Sinai, kwa macho ya mmoja wa waliobaki chini wakingoja. Halafu waulize ni nani kati yao aliyemfanya mchungaji huyo aende mjini kusimulia, na ni nani aliyemfanya anyamaze.